Pointi za ndege: kilo nimepata, kiti cha Desemba nimekikosa

Nyota mbili kati ya tano kwa zile pointi ambazo shirika langu la ndege hunipa kila nikisafiri nao, za kukatia tiketi baadaye. Moja ni ya kilo za ziada, maana hizo nimezipata kweli na mzigo wangu umesafiri. Ya pili ni ya dada mmoja wa ofisi yao ya hapa Dar, aliyeniambia kwa sentensi moja kitu ambacho simu yao ya huduma kwa wateja ilikuwa inakizungusha muda wote. Tatu zilizobaki wamezipoteza mwezi Desemba, na Desemba ndiyo iliyonifanya nikusanye pointi tangu mwanzo.

Shirika silitaji jina. Ni la nje, lina ndege inayotua Dar, na ukisimama kwenye foleni yake pale Terminal 3 utasikia Kariakoo mbele na nyuma yako: nani kafunga mzigo, nani kadhulumiwa na wakala, dola imepanda au imeshuka. Hata ningelitaja isingesaidia sana. Nimewauliza wenzangu wenye kadi za mashirika mengine na habari ni ileile, kinachobadilika ni rangi ya kadi.

Kazi yangu ni mapazia. Nina fremu Kariakoo, na vitambaa navifuata mwenyewe Guangzhou, mara nyingine Dubai nikitaka vitu vya haraka kama pete, fimbo na zile kamba za kufungia. Wanaofanya biashara hii wanaijua kalenda yake: Aprili na Oktoba kuna Maonyesho ya Canton, yale yaliyoanza mwaka 1957, na wiki hizo ndege ya kwenda China inajaa wafanyabiashara mpaka kiti cha mwisho karibu na choo. Nalipa nauli ya msimu, napewa pointi. Mwaka hadi mwaka zimekuja kidogo kidogo mpaka zikavuka laki tatu na ushee. Nilikuwa naziangalia kwenye simu jioni nikishafunga hesabu za duka, na nilishazipangia kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Binti yangu yuko Manchester anasoma shahada ya pili. Sisi ni watu wa Rombo, na mwisho wa mwaka kwetu hauhitaji maelezo: Mchagga lazima apande mlimani akahesabiwe. Ni utani wa watu wa Dar huo, tumeuzoea, lakini una ukweli wake. Mbuzi anachinjwa, ukoo unakaa migombani, mwenye mchumba anamleta aangaliwe, na asiyefika anasemwa mpaka Pasaka. Mama yangu ana umri wake sasa, na alishaniuliza zaidi ya mara moja huyu mtoto wa Ulaya anakuja lini. Nikamwambia mwaka huu anakuja, tena anakuja kwa pointi za mama yake.

Ukifungua ukurasa wa kutumia pointi unakaribishwa na picha ya familia inacheka ufukweni, na maandishi "kuanzia pointi 52,000" kwa kwenda na kurudi. Hilo "kuanzia" lisome vizuri. Nikajaza: kutoka Manchester, kwenda Dar es Salaam, mtu mzima mmoja. Ikaja kalenda. Februari bei ya chini, karibu siku zote. Machi vilevile. Mei, masika yamekolea, ungedhani wanakubembeleza. Nikasogeza kidole mpaka Desemba. Kuanzia tarehe 9 visanduku vinageuka kijivu, na ukikigusa kimoja unaambiwa hakuna kiti cha tuzo siku hiyo, jaribu tarehe nyingine. Tarehe 10 kijivu, 11 kijivu, wiki nzima ya tarehe 15 kijivu. Hapa na pale kulikuwa na kisanduku chenye bei, na bei yenyewe ni pointi 160,000, kwenda tu. Kurudi ni hivyohivyo: Januari kuanzia tarehe 2 mpaka karibu katikati ya mwezi, aidha kijivu au laki moja na sitini nyingine.

Na hapo ulikuwa mwezi wa sita, si Novemba. Naliweka wazi kwa sababu kila unayemweleza anakujibu "ungeanza mapema".

Simu ya huduma kwa wateja nitaipita haraka, haina utamu. Muziki, kisha sauti inayokushukuru kwa uvumilivu wako, kisha kijana mpole sana ambaye kila jibu lake linaanza kwa kunielewa. Ananielewa, anajua ni safari muhimu, anashauri nibadilishe tarehe, anashauri niangalie tena baadaye kwa sababu viti "vinaweza kufunguliwa". Nani anavifungua? Lini? Kwa kigezo gani? Hapo ananielewa tena.

Ndipo nikafunga duka mchana nikaenda ofisini kwao. Dada wa kaunta ni wa umri wa binti yangu. Alinipa shikamoo kabla sijakaa, nikaitika, nikaweka simu mezani nikamwonyesha tarehe 13.

"Mama, hii tarehe haina."

"Haina kiti?"

"Kiti kipo."

"Sasa?"

Akatazama pembeni, kisha akageuza kidogo kioo cha kompyuta upande wangu. Siyo ile kalenda ya rangi tunayoiona kwenye simu. Ni mistari ya herufi na namba zimebanana, mtu asiyezisomea hawezi kuzisoma: Y9 B9 M9 H9 K7, zinaendelea hivyo mpaka mwisho. Akaweka ncha ya kalamu juu ya mstari wa ndege ninayoitaka.

"Hizi herufi ni madaraja ya nauli, Mama. Hiyo tisa maana yake vipo viti tisa au zaidi vya kuuza." Kalamu ikatembea polepole mpaka mwisho wa mstari, ikasimama kwenye X0. "Hii ndiyo ya pointi."

"Kwa hiyo ndege ina nafasi."

"Ndege ina nafasi, Mama. Nafasi ya pointi ndiyo haina."

Ile X0 iliniuma kuliko simu zote nilizopiga, lakini angalau niliiona kwa macho yangu. Nikamwomba anifundishe, akanifundisha mpaka mwenzake alipokuja kumuuliza kama amemaliza na mteja.

Mambo yako hivi. Kiti kimoja cha dirishani, chenye mto na televisheni ileile, kwenye mfumo kinaweza kuuzwa kwa bei nyingi tofauti, na kila bei ina herufi yake. Kuna watu makao makuu ambao kazi yao ni kufungua na kufunga herufi hizo. Wanaangalia ndege ya tarehe kama hiyo ilijaaje miaka iliyopita na mwaka huu inajaaje. Ndege wanayojua itaondoka na viti vitupu wanaifungulia X, kwa sababu kiti kikisharuka kitupu hakiuziki tena. Kukupa wewe kwa pointi hakuwatoi kitu zaidi ya chakula na mafuta kidogo ya kubeba uzito wako. Ndege wanayojua itajaa kwa nauli ya juu, X yake ni sifuri hata miezi sita kabla, ndege ingali nusu. Hawakukatalii kwa sababu imejaa. Wanakukatalia kwa sababu wana hakika itajaa.

Ndiyo maana viti vya pointi vya msimu huonekana nyakati mbili tu. Ya kwanza ni pale kalenda ya siku hiyo inapofunguliwa, karibu mwaka mzima kabla ya safari, na hapo ni vichache na wanaoviwahi ni watu wanaoifanya kazi hii usiku wa manane. Ya pili ni siku za mwisho kabisa, wakishaona kilichobaki hakitapata mnunuzi. Mwanafunzi mwenye mtihani tarehe fulani hawezi kukaa na begi mlangoni kusubiri huruma ya siku ya mwisho.

Halafu njia yetu ina balaa lake la ziada. Ulaya na Tanzania mwezi Desemba wanagombania kiti kimoja watu wa aina mbili. Kuna sisi, yaani watoto wetu walioko huko wanaorudi nyumbani na mabegi mawili mawili ya zawadi. Na kuna Wazungu wanaokimbia baridi kwenda Zanzibar, Serengeti na huko huko kwetu Kilimanjaro, maana wengi wanapenda kuukaribisha mwaka wakiwa mlimani. Nikafikiri nimepata akili: binti asishuke Dar, ashuke KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kutoka pale Rombo si mbali. KIA ilikuwa mbaya zaidi, watalii wote wa mlima wanashuka palepale. Julai na Agosti ni hivyohivyo: shule za Ulaya zimefungwa, nyumbu wako kaskazini mwa Serengeti, watalii nao wamewafuata. Likizo zote mbili ambazo mtoto anaweza kuja ndizo hizo ambazo pointi zimelala.

Nikajaribu kugeuza safari, kwa uchokozi tu. Dar kwenda Manchester, tarehe 18 Desemba. Wazi! Bei ya chini kabisa, viti kama vyote. Bila shaka, nani anakimbilia Manchester wakati ule wa mwaka kutoka Dar? Ndege zinakuja zimejaa, zinarudi nyepesi. Kwa hiyo shirika lilikuwa tayari kunipeleka mimi kwenye baridi, na Desemba ndiyo mwezi ambao nusu ya jiji inabadilisha mapazia ya sebuleni. Mama wa Mbezi anakuja na picha kwenye simu, anataka kama hii lakini rangi ya maziwa, na anataka yatundikwe kabla ya tarehe 24. Niondoke niende wapi?

Jambo la gharama sasa, maana watu husema "tiketi ya bure". Hakuna tiketi ya bure. Ile ya Februari ya pointi 52,000 nilipoifuata mpaka ukurasa wa kulipia ilidai karibu paundi 300 taslimu juu yake. Sehemu ni kodi halali. Serikali ya Uingereza ina kodi yake ya abiria wa ndege tangu 1994; kwa safari za Aprili 2025 mpaka Machi 2026, daraja la kawaida, kwa umbali kama wa Tanzania, ilikuwa paundi 90 kwa mtu mzima, na haijali umelipa nauli kwa fedha au kwa pointi. Kuna ada za viwanja vya ndege. Lakini fungu kubwa lililobaki limeandikwa kwa ufupi "ada za shirika". Hizo haziendi serikalini, zinaingia mfukoni mwao wenyewe. Nauli wamekusamehe kwa mkono wa kulia, wa kushoto umenyooshwa.

Mimi ni mfanyabiashara, nikachukua kikokotoo. Februari tiketi ya fedha ilikuwa kama paundi 620. Toa zile 300 ninazolipa hata nikitumia pointi, nimeokoa 320 kwa pointi 52,000; kila pointi 1,000 zinaniokolea paundi 6 hivi. Desemba tiketi ya fedha ilifika 1,150. Toa 300, imebaki 850, na pointi wanazotaka kwenda na kurudi ni 320,000. Pointi 1,000 sasa hazifiki hata paundi 3. Pointi zilezile, kadi ileile, mtu yuleyule. Kwa hiyo wanaposema "unaweza kutumia pointi zako wakati wowote" hawadanganyi kwa maneno, kwa sababu ningeweza kumwaga zote laki tatu na ishirini mtoto akaja. Ila nipoteze nusu ya thamani ya miaka ya kusafiri ili niseme nimetumia pointi? Hapana.

Zamani mashirika mengi yalikuwa na jedwali: kutoka bara hili kwenda bara lile, pointi kadhaa, basi. Ulijua unalenga nini. American Airlines, walioanzisha programu yao ya pointi, AAdvantage, Mei 1981 na kuwafanya wengine wote waige, walianza kwa namna hiyo. Baadaye majedwali yakaanza kufichwa. Delta waliondoa la kwao mwaka 2015, Flying Blue, programu ya pointi ya Air France na KLM, ambayo wasafiri wengi wa Nairobi walikuwa nayo enzi Kenya Airways ikiitumia, ikaingia bei zinazopanda na kushuka mwaka 2018. Bei ya pointi sasa inaifuata bei ya fedha, msimu ukipanda nayo inapanda, tofauti ni kwamba wewe pointi zako ulizipata kwa kima kilekile.

Na usidhani ni jambo dogo kwao. Mwaka 2020, ndege zimelala chini kwa sababu ya korona, mashirika ya Marekani yalikopa, United dola bilioni 6.8 na Delta bilioni 9, wakiweka rehani programu zao za pointi. Si ndege, pointi! Kwa sababu pointi zinauzwa: benki zinazinunua kwa fedha taslimu na kuwagawia wenye kadi za mkopo. Kwa hiyo unayegombania naye kiti si msafiri mwenzio tu, kuna na mtu aliyezipata kwa kununua friji. Pointi zinaongezeka, viti vya Desemba haviongezeki. Septemba 2024 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliwaandikia American, Delta, Southwest na United ikiwataka waeleze, pamoja na mengine, namna pointi zinavyoshushwa thamani na bei zinavyofichwa. Sisi huku wa kuwaandikia barua bado sijamwona.

Kwenye mchezo wetu wa akina mama hapa mtaani tunatoa kila wiki, na zamu yako ikifika unapokea chote siku uliyoandikiwa, hata ikiangukia mkesha wa Krismasi. Haijatokea mtu kuambiwa hela ipo, ila hela ya zamu yako ndiyo haipo. Angeambiwa hivyo, mwekahazina asingelala kwake usiku huo.

Wala si mambo ya Krismasi peke yake. Jirani yangu wa fremu ya pili, mzee wa heshima zake, ana kadi ya shirika jingine kabisa. Alitaka kumpeleka mama yake umra kumi la mwisho la Ramadhani kwa pointi. Siku hizo anazozitaka yeye, anazitaka kila Mwislamu mwenye uwezo. Alihangaika nayo, akaja dukani kwangu akaketi kwenye kigoda cha fundi, akasema, "Dada, wamenipa Mfungo Tano." Tukacheka, lakini hakuwa anacheka moyoni.

Hata safari zangu za mzigo ni vilevile. Oktoba kwenda Guangzhou kwa pointi, sahau. Ila wiki yenyewe ya mwaka mpya wa Kichina, viwanda vimefungwa, wenye maduka wamekwenda vijijini kwao, hapo unakuta X imefunguka. Ukafanye nini Guangzhou wakati hata wa kukukatia kitambaa hayupo?

Sasa ile nyota ya kilo, nisije nikaonekana sina shukrani. Kusafiri kwingi kulinipandisha daraja la kadi, na kadi ya daraja hilo inaongeza kilo kwenye begi. Kwa mtu anayerudi na vitabu vya sampuli za vitambaa, hilo si pambo. Kitabu kimoja cha sampuli kina kurasa za kitambaa kizito zilizoshonwa kwenye gamba gumu. Vitatu tu vinakula begi. Nina mzani wangu mdogo wa kuning'iniza, nauning'iniza mlangoni hotelini kule Xiaobei, mtaa wa Guangzhou, napima begi, natoa kitabu, napima tena, narudisha. Kabla ya kadi hii nilikuwa naacha vitu. Na mara moja mzigo ulipozidi kabisa, walinikubalia kulipia kilo kwa pointi badala ya yuan, palepale kaunta ya uwanja wa ndege wa Baiyun, bila kijivu wala X. Nilipopiga hesabu, pointi zilinilipa vizuri kuliko ambavyo zingenilipa kwa tiketi yoyote ya Desemba. Hili hawalitangazi kwenye picha ya ufukweni. Foleni fupi ya wenye kadi nayo naipenda, nisiseme uongo. Ukiwa umetembea masoko wiki nzima, miguu inaiona thamani yake.

Kwa anayetaka kujaribu bahati yake Desemba ijayo nitasema nilichojifunza. Tafuta kwenda na kurudi kama safari mbili mbalimbali, maana ukiweka pamoja, siku moja ya kijivu inakuua yote. Angalia siku ambazo watu hawataki: tarehe 25 yenyewe nilikuta kiti cha bei ya chini, ila binti akakataa kula Krismasi angani, na bibi yake angenilaumu mimi. Angalia viwanja vya jirani. Kwa mtu wa Rombo, Nairobi siyo nchi ya mbali. Unashuka, unashika njia ya Loitokitok, unavuka Tarakea uko nyumbani. Kama kadi yako ni ya shirika lililo kwenye muungano wa mashirika ya ndege, Star Alliance wana Ethiopian na Turkish, SkyTeam wana Kenya Airways, na viti vya shirika mwenza mara nyingine havionekani kwenye simu mpaka umpate mtu wa kukutafutia. Na hakikisha mapema jina la mtoto liko kwenye orodha ya familia ya kadi yako vilevile lilivyo kwenye pasi, majina yote matatu kwa mpangilio wake. Sisi jina la babu lilikuwa limekaa katikati, na kulihamisha kulitaka barua pepe zisizo na idadi.

Kuna mashirika yanayofanya uungwana zaidi. British Airways, ambao huku kwetu wanafika Nairobi, wanatangaza mapema kalenda ya siku za msimu na zisizo za msimu, na wanaahidi idadi ya chini ya viti vya pointi kwenye kila ndege yao, vinavyofunguliwa siku 355 kabla. Vinaisha, najua vinaisha haraka, na ada zao si za mchezo. Lakini unajua vilikuwepo, unajua saa ya kuamka, na ukikosa umekosa kwa kuwahiwa. Hilo tu ndilo ningeliomba kwa hawa wangu: waniandikie kwenye ndege ya Desemba kuna viti vingapi vya watu kama mimi. Wakiandika viwili, nitakubali ni viwili. Wakiandika hakuna, ningelijua hilo kabla sijachagua kadi yao na kuacha nyingine.

Binti alikuja kwa fedha. Tulikata tiketi kwa shirika jingine kupitia Addis Ababa, akashuka KIA, akahesabiwa. Pesa ilitoka kwenye mauzo ya msimu, ndiyo maana mashine mbili za kushonea nilizotaka kuongeza hazijaongezeka. Wiki hiyohiyo ya Desemba shirika langu pendwa likaniletea ujumbe wa ofa: nunua pointi sasa, upewe asilimia 30 ya nyongeza. Siku chache mbele ukaja mwingine, kwamba sehemu ya pointi zangu inafikisha miaka mitatu na itafutika katikati ya mwaka nisipoitumia.

Basi zinazotaka kufutika nimezikatia Dubai ya Mei. Kiti kilipatikana mara moja, kwenda na kurudi, siku yoyote niitakayo, dirishani. Nje ni nyuzi 40, lakini maduka ya Deira yana kiyoyozi, hoteli ziko bei ya chini, na pete za mapazia zimeniishia tangu Januari.